Pua ya Fundi wa Baridi

Nianze na upuuzi wangu, ili usije ukaukuta katikati ukanichukia ghafla. Majira ya baridi yaliyopita, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, niliandika namba nne kwenye daftari la mzee mmoja, kwamba nimetoka nje na nimesikia harufu ya amonia. Wakati huo nilikuwa nimekaa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu, mgongo umeegemea mashine ya kukaushia nguo, natafuna biskuti. Sikunusa kitu zaidi ya sabuni ya unga na soksi za watu wa ghorofa ya tatu. Kisha nikapanda ngazi, nikajitia kuhema kama mtu aliyetoka kwenye theluji, nikaandika nne, nikatia sahihi.

Ndiyo hivyo. Sasa nikueleze huyo mzee, kwa sababu bila yeye huu ni utani wa kawaida tu, na utani wa kawaida nimefanya mwingi. Muulize mwalimu mkuu wangu, ana faili.

Watanzania na Wakenya wa jengo letu la Brooklyn Center, huku Marekani, walimwita Fundi wa Baridi. Jina lake halisi lilibandikwa kwenye sanduku la barua, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata mpeleka barua. Kwa miaka mingi alikuwa anaendesha mitambo ya ghala la baridi lililoko mitaa miwili kutoka kwetu, jengo refu jeupe lisilo na dirisha hata moja, ambamo kuku waliogandishwa wamepangwa mpaka darini kama vitabu vya maktaba. Ubaridi wote ule unaendeshwa na amonia inayozunguka kwenye mabomba. Nayajua haya kwa sababu alinieleza siku ya kwanza nilipokaa kwake, na siku ya pili, na siku ya ishirini.

"Baridi haitengenezwi, kijana," alikuwa anasema. "Hakuna mtu aliyewahi kutengeneza baridi. Unachofanya ni kulitoa joto ukalipeleka kwingine."

Akisema "kwingine" alionyesha dirishani. Nje kulikuwa na theluji ya magotini na watu wanatembea kama mizigo iliyofungwa vibaya. Nikamwambia joto linaonekana limepotea njia. Akalifikiria jambo hilo kwa uzito mkubwa, akaniambia halijapotea, limetawanyika.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na utani. Hakuuchukia, aliuchunguza. Nilimsimulia siku moja habari za pengwini aliyeingia dukani kununua barafu. Nikafika mwisho, nikangoja.

"Alibebea nini?" akauliza.

"Fundi, ni kichekesho."

"Naelewa ni kichekesho. Lakini alibebea nini? Barafu ya dukani mpaka ufike nyumbani ni maji."

Darasa zima la kumi hucheka nikifungua mdomo tu. Yule mzee alikuwa mtu wa kwanza kunifanya nijute kwamba sikumpa pengwini ndoo.

Pua yake ilikufa kazini. Haikufa siku moja. Alisema ilikuwa kama redio inayopunguzwa sauti na mtu aliye chumba kingine: leo husikii karafuu, mwezi ujao husikii vitunguu vinavyokaangwa, mwaka ujao unasimama karibu na bomba linalovuja na wenzako wanakimbia huku wameziba nyuso, wewe unauliza kuna nini. Kwa hiyo alipika kwa kukisia. Pilau lake lilikuwa na iliki nyingi kiasi kwamba ukila unahisi umepakwa dawa ya kikohozi. Maziwa hakuweza kujua yameharibika mpaka ayaone yameganda. Kitu pekee kilichomfikia vizuri ni ndimu, kwa ule ukali wake ulimini, hivyo alinunua ndimu kama watu wengine wanavyonunua mkate. Mama alipompelekea chakula, bakuli halikurudi tupu, lilirudi na ndimu mbili. Kuna wiki tulikuwa na ndimu kumi na nne jikoni na hatuna sukari.

Masikio yake ndiyo yaliyobeba kazi yote. Aliweza kukwambia ni basi lipi limesimama kituoni bila kuinua kichwa. Siku moja alikuja kumrudishia Mama bakuli, akaweka kiganja chake juu ya friji yetu, akafumba macho.

"Mama Hamisi, hii ina miezi miwili."

"Miezi miwili ya nini?"

"Ya kuishi."

Ilikufa wiki ya saba. Mama alimnunia kwa muda, kana kwamba ameiroga.

Mtu aliyeishi kwa baridi utadhani ataipenda, au ataichukia, moja. Yeye alifanya yote mawili. Barafu hakuitaka hata kwenye glasi ya maji. Mkahawani alikuwa anaitoa kwa kijiko, moja moja, anaipanga kwenye kisahani. Lakini usiku wa Januari alilala na dirisha wazi kidogo, upana wa vidole viwili, na joto la kulipia linatoka nje. Watu walimwona kichaa. Alikuwa anasikiliza ghala.

Juu ya paa la ghala kuna vali ya usalama, kizibo kinachofunguka shinikizo la mabomba likizidi, na kwa maelezo yake vali ile ilikuwa haifungi sawasawa. Jioni, mitambo inapoongezwa nguvu baada ya malori kushusha mzigo, vali ilikuwa "inapumua". Hilo ndilo neno lake. Pumzi yenyewe ni amonia, na upepo ukielekea kwetu inatufikia sisi. Kama hujawahi kuinusa, fikiria choo cha shule kilichokasirika. Haipiti puani kama harufu nyingine, inachoma, halafu inapanda machoni. Mdogo wangu Subira ana kifua kibovu, na jioni nyingine alikuwa anakohoa mpaka anakaa chini kwenye ngazi za jengo, begi bado liko mgongoni. Mama alifikiri ni vumbi la zulia. Fundi ndiye aliyemwambia si zulia.

Alikuwa amewaambia wakubwa wake pia, zamani, akiwa bado kazini. Msimamizi wake alimpeleka kwa daktari wa kampuni. Daktari akampa vichupa anuse: kahawa, limau, mafuta ya taa. Fundi akakosa vyote. Kisha msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake, "Wewe husikii harufu. Sasa umejuaje inavuja?" Akamjibu kwamba anaisikia kwa masikio. Wakacheka, wakamtafutia karatasi za kuondoka. Tangu hapo alikuwa anasafisha ofisi kule Plymouth, mji wa jirani, anapiga deki kwa dawa ambayo wenzake walipiga chafya wakifungua kofia ya chupa, yeye hata hakupepesa jicho.

Jibu lile halikumshawishi mtu, na naamini Fundi aliishi miaka yote iliyofuata akitafuta jingine. Hakutaka fidia. Hakutaka kurudishwa kazini. Alitaka mtu mmoja mwenye kifaa cha kupimia asimame chini ya paa lile na aseme, huyu mzee alisema kweli.

Aliandika barua kwa ofisi ya jimbo inayoshughulikia hewa. Wakamjibu kwa adabu: tuletee kumbukumbu, siku gani, saa ngapi, upepo unatoka wapi, na nani aliyenusa. Ndipo lilipozaliwa daftari. Siku, saa na upepo aliviweza mwenyewe, kwa sababu dirisha lake linatazamana na bendera ya kituo cha zimamoto. Kilichokosekana ni pua.

"Huyu hapa hana kazi," Mama alisema, akanisukuma begani. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Nikishuka basi la shule saa kumi jioni, nitembee mpaka kwenye uzio wa ghala, nifumbe macho, nivute pumzi tatu. Nirudi kwake nimpe namba. Sifuri ni hakuna, tano ni machozi. Yeye anaandika bendera imeelekea wapi, mimi naandika namba kwa mkono wangu na kutia sahihi. Hakuwahi kushika kalamu kwenye safu yangu. Alisema safu ile si yake. Na akaacha kuniita Hamisi, akaniita Pua.

"Pua, umekuja. Ngapi leo?"

Kwake kulikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani. Nilipokaa siku ya kwanza kikatoa mlio kama mfuko wa chipsi. Akachukua mkasi, akanisimamisha, akaichana nailoni yote polepole, akaikunja, akaiweka kabatini. Nikasema chai ni nzuri, kabla hajanimiminia.

Simu yake haikulia. Mara nyingine, tukiwa tunazungumza, aliinua mkono wa simu, akasikiliza kama ina mlio, akaurudisha. Nilifikiri ni ufundi. Basi likichelewa, nilikuta vikombe viwili mezani, cha kwake kimekwisha, changu kimefunikwa kisahani. Pale jengoni watu walimkwepa, na siwalaumu sana, maana ukimsalimia ngazini ulipata semina ya vali. Mimi mwenyewe, kabla ya kuajiriwa, nilikuwa napita ngazi za nyuma nikisikia kikohozi chake.

Wiki za mwanzo nilikuwa mwaminifu kabisa. Sifuri, sifuri, mbili, sifuri, tatu. Na jioni moja tano, tano ya kweli, nilisimama kwenye uzio kamasi na machozi vinashindana. Nikarudi nikamwambia, na Fundi alisimama. Alisimama tu, katikati ya chumba, akashika kichwa. Halafu akakaa akaanza kunisimulia jinsi vali inavyofanya kazi, akachora mpaka nyuma ya bahasha ya bili, na jioni ile alizungumza kama mtu aliyekuwa amefungiwa.

Kisha ikaja Januari. Baridi ya kule ni ile inayogandisha nywele za puani, unavuta pumzi unasikia zinavunjika. Ukichanganya na hilo, rafiki yangu wa ghorofa ya kwanza alikuwa amenunuliwa gemu mpya. Nikaanza kupunguza safari. Kwanza nilisema sifuri bila kwenda. Lakini sifuri ilikuwa inamzima yule mzee. Alikuwa anasema "haya," anafunga daftari, tunakunywa chai tukitazama bendera. Nne ilikuwa inamwasha. Kwa nne moja alizungumza saa nzima, alicheka hata, akaniongezea sukari. Basi nikawa nampa nne. Nilijiambia namfurahisha. Lakini pia kulikuwa na baridi, na ninataka nilitaje hilo kwa sababu nimeshaanza kuona ninavyojipamba.

Tatizo la kutokwenda nje ni kwamba huoni bendera.

Siku moja aligonga mlango wetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila bakuli. Daftari mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Pua, kaa. Tazama hizi." Akaweka kidole. "Siku hii umesikia nne. Upepo ulikuwa unatoka hapa kwetu unaelekea ghalani. Siku hii, tena. Na hii. Amonia ya ghala haiwezi kutembea kinyume cha upepo."

Nikasema, "Aisee."

"Nimekesha nikilifikiria. Pua, kuna chanzo cha pili."

Ungetarajia mtu wa hesabu kama yeye aseme mtoto anadanganya. Alikuwa na njia mbili mbele yake, ama mimi ni mwongo, ama kuna bomba lingine bovu mjini, na hakuitazama ile ya kwanza hata kwa pembe ya jicho. Akaanza kutembea. Alasiri za Februari, kabla ya kwenda kazini Plymouth, alizunguka mitaa ya upande wa pili, amevaa koti lake la kazi ambalo nembo ya kampuni aliikwangua kwa kisu, anaweka kiganja kwenye kuta za majengo. Nilimwona mara mbili nikiwa kwenye basi la shule. Wenzangu wakauliza yule mzee anafanya nini na ukuta. Nikawaambia anauchumbia. Basi zima likacheka.

Alikipata chanzo chake. Upande ule kuna uwanja wa barafu wa ndani, watoto huchezea hoki, na sakafu yake nayo hugandishwa kwa amonia. Jumamosi asubuhi akanichukua. Ndani ya koti alikuwa na kijiti cha salfa. Mafundi wa kazi ile hukiwasha na kukipitisha kwenye maungio ya mabomba. Moshi wake ni mwembamba, lakini ukikutana na amonia unakuwa mweupe mzito, na hapo unajua pa kukaza.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na chumba cha mitambo, na mabomba yametokeza ukutani. Fundi akaweka kiganja kwanza. Akasikiliza muda mrefu.

"Imetunzwa vizuri hii," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifia ng'ombe wa mwenzie. Kisha, "Unasikia harufu?"

Nikavuta pumzi. Kulikuwa na bisi na moshi wa magari.

"Kidogo," nikasema.

Akawasha kijiti. Akakipitisha kila ungio, mikono mitupu kwenye baridi ile, haitetemeki. Moshi ukabaki mwembamba. Akarudia tangu mwanzo. "Ajabu," akasema.

Mlango wa chuma ukafunguka, akatoka bwana mmoja mpana mwenye funguo nyingi kiunoni, msimamizi wa pale. Akauliza mzee anafanya nini na moto karibu na mitambo yake. Fundi akamweleza kwa Kiingereza chake cha polepole, vali, maungio, upepo, na yule bwana alikuwa anasikiliza vizuri tu mpaka lilipotajwa neno harufu.

"Mimi sisikii harufu yoyote. Wewe unasikia?"

"Mimi siwezi kunusa kitu," Fundi akasema. "Huyu ndiye anayenusa."

Wote wawili wakanigeukia. Wazazi waliokuwa wanashusha watoto kwenye magari walikuwa wamesimama. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno darasani hata pale nilipotakiwa kunyamaza, nilitazama viatu vyangu.

"Sijui," nikasema.

Walimwita askari. Alikuwa kijana, alikuwa na adabu, na adabu yake haikusaidia kitu. Alimwambia Fundi, mbele ya watoto wenye kofia ngumu na mama zao, kwamba akionekana tena pale na moto atashtakiwa. Fundi akakizima kijiti kwenye theluji. Akakifunga kwenye leso. Akasema asante.

Kwenye basi, tulipokaribia kushuka, akanigeukia.

"Wewe ulisema kidogo."

"Ndiyo."

"Kidogo ni kidogo," akasema. "Pengine upepo uliichukua. Usijisumbue."

Alikuwa ananitetea. Nilishuka basi nikamwambia nina homuweki.

Mkaguzi wa jimbo alikuja wiki chache baadaye, siku ya kazi, mimi nikiwa shuleni. Fundi alimwomba Mama akae naye kama shahidi, kwa hiyo haya nimeyapata kwa Mama. Anasema Fundi alivaa tai. Anasema mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, na alifika saa tano asubuhi, bendera imelala kabisa. Alizunguka ghala na kifaa chake, hakikuona kitu, jambo ambalo Fundi alimwambia tangu mlangoni, kwamba vali hupumua jioni. Basi akaomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Kisha akaanza kuweka kidole. Siku hii upepo ulielekea ghalani. Na hii. Na hii. Fundi akamweleza habari za uwanja wa barafu. Mkaguzi akajibu kwamba ameshawapigia simu, mitambo yao ilikaguliwa na ni mizima.

"Akauliza nani aliyenusa," Mama alisema. "Nikamwambia ni mwanangu. Akauliza una miaka mingapi. Nikamwambia kumi na sita. Akalifunga daftari kwa mikono miwili, taratibu. Yule mama alikuwa mpole sana. Angefoka ningeelewa."

"Fundi alisema nini?"

"Alimwambia kijana anaaminika. Alisema hivyo mara mbili."

Barua ikaja: suala limefungwa, asante kwa ushirikiano. Nilikaa wiki mbili bila kwenda kwake. Nilipita ngazi za nyuma.

Mwezi wa tatu, theluji imeanza kuwa tope, nilishuka basi na sikwenda kwenye uzio. Sikwenda chumba cha kufulia pia. Nilipanda moja kwa moja kwake. Alifungua kabla sijagonga, bila shaka alikuwa amezisikia hatua. Daftari lilikuwa mezani, wazi, tarehe ya siku ile imeshaandikwa. Alikuwa ameziandika tarehe zote za wiki mbili zile, na safu yangu ilikuwa tupu mpaka chini.

"Ngapi leo?" akauliza, kalamu mkononi.

"Fundi, mimi sikuwa naenda."

"Wapi?"

"Kwenye uzio. Siku zile za Januari. Nilikuwa nakaa chumba cha kufulia, halafu naandika nne."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya pengwini.

"Siku zipi?"

"Nyingi."

"Nyingi si tarehe." Akaligeuza daftari linielekee, akanipa kalamu. "Kata zile ambazo hukwenda."

Za kwanza zilikuwa rahisi. Nne, nne, nne, nikazikata. Kisha mkono ukasimama. Kulikuwa na tatu moja ya mwanzo wa Januari, sahihi yangu imenyooka vizuri. Je, siku ile nilikwenda? Niliona kama nilikwenda. Lakini hata za uongo niliziona kama nilikwenda, kwa sababu kila mara nilikuwa nimemsimulia mpaka theluji ilivyokuwa.

"Hii sijui," nikasema.

"Na hii?"

"Hii pia sijui."

Akanisubiri. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, kisha ukurasa mwingine, mstari kwa mstari, na kila niliposema sijui yeye mwenyewe alichukua kalamu akaukata. Safu ambayo hakuwahi kuigusa.

"Ile tano?" akauliza.

"Ile ni kweli. Naapa."

"Usiape. Sema tu."

"Ni kweli."

Akaitazama kwa muda. "Moja," akasema.

Na hapo ndipo ilipoingia. Dirisha lilikuwa wazi ule upana wa vidole viwili, na ikaingia kama mtu anayekuchoma sindano katikati ya macho. Niligeuka nikaona bendera ya zimamoto imenyooka, imetuelekea sisi sawasawa.

"Fundi, inakuja. Inakuja sasa hivi, hii ni nne, labda tano. Andika."

Machozi yalikuwa yananitoka, na nilipoyapangusa ndipo nilipoona shida iko wapi, kwa sababu kijana aliyekuja kukiri makosa naye hutokwa machozi.

"Hayo ni ya amonia au ni yako?" akauliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua.

"Sijui. Yote mawili."

Akainamisha kichwa upande wa dirisha, jinsi alivyofanya siku zote.

"Vali naisikia," akasema. "Inapumua. Lakini nikiandika, niandike nani amenusa?"

Akasimama, akalisukuma dirisha mpaka likafunga, akalikaza na komeo. Sikuwahi kuliona limefungwa. Chumba kikawa kimya kabisa. Akaifunika kalamu kwa kofia yake, akaiweka juu ya daftari.

"Nenda nyumbani, Hamisi," akasema.

Mama alikuwa ametoka shifti, amekaa ukingoni mwa kitanda anavua soksi, sare ya nyumba ya wazee bado iko mwilini. Nilimsimulia yote, chumba cha kufulia, uwanja wa barafu, mistari iliyokatwa, dirisha. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho nikaongeza kwamba angalau zile sifuri za mwanzo zilikuwa za kweli. Hakucheka. Alikunja soksi moja ndani ya nyingine, akanyoosha kidole mlangoni, akasema:

"Vaa viatu vyako. Unarudi kule, unakaa naye mpaka yeye mwenyewe akuambie inatosha. Na ukifika, Hamisi, usimchekeshe."